Mkasi wa Mwenye Mali: Kutetea Nakala ya Mtunzi

Katika miaka ya karibuni yamezuka mabishano miongoni mwa watu wa fasihi juu ya wapenzi wa sinema wadaio waonyeshwe filamu kama ilivyokatwa na kuungwa na mwongozaji wake, wala si kama ilivyokatwa na kampuni iliyoigharimia. Wako wawachekao wapenzi hao. Husema kuwa ni vijana wenye wakati mwingi na kazi chache, na kwamba mwalimu wa chuo ajishughulishaye na mambo yao amekosa la kufundisha. Mimi si mmoja wa wachekao. Nia ya makala haya ni kuonyesha ya kuwa dai lao, likiondolewa ushabiki wake na makelele yake, ni dai la haki. Kwamba ndilo dai lile lile tulitoalo sisi tufundishao fasihi ya Kiswahili kila tufunguapo mswada wa zamani. Na kwamba hapa kwetu, tangu Dar es Salaam mpaka Ushetu, dai hilo latuhusu kuliko liwahusuvyo watu wa Hollywood. Wao walificha, sisi tumepoteza.

Tukiweke kwanza kisa chenyewe mbele ya msomaji. Zack Snyder, mwongozaji wa Kimarekani, alikuwa akiitengenezea kampuni ya Warner Bros. filamu iitwayo Justice League. Mwezi wa Mei, 2017, baada ya kufiwa na binti yake, alijitoa katika kazi hiyo. Kampuni ikamkabidhi Joss Whedon, naye akaandika upya baadhi ya maonyesho, akapiga picha mpya, akayaondoa mengi aliyoyapiga mwenziwe. Filamu ilipotoka mwezi wa Novemba mwaka ule ule ilikuwa ya dakika 120, na jina la mwongozaji lililoandikwa juu yake lilikuwa jina la Snyder peke yake. Watazamaji waliomjua mtu huyo kwa kazi zake za kwanza waliona kuwa mkono si wake. Wakaanza kudai nakala yake. Waliandika maombi, walikodi ndege ipeperushe bango lao juu ya mkutano wa wapenzi wa hadithi za picha mjini San Diego mwaka 2019, na walichanga zaidi ya dola 500,000 kulipa shirika la Marekani lizuialo watu kujiua, kwa heshima ya yule binti aliyefariki. Mwezi wa Mei, 2020, kampuni ikatamka kuwa itaitoa, na tarehe 18 Machi, 2021, nakala ya Snyder ikaonyeshwa. Ilikuwa ya dakika 242, yaani ilizidi mara mbili ya ile ya kwanza.

Wapinzani wa wapenzi hao wana hoja tatu. Hoja ya kwanza ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa: filamu si shairi. Shairi hutungwa na mtu mmoja kwa kalamu na karatasi. Filamu hutengenezwa na mamia ya watu kwa fedha nyingi, na mwenye fedha asipokuwa na haki ya kukata, nani atakayetoa fedha? Aliyelipa ng'ombe ndiye achinjaye.

Hoja hii yaonekana nzito mpaka uipime. Na tuipime kwa mizani ya Ushetu. Mkulima wa tumbaku wa Ulowa akiisha kuuza mzigo wake, tumbaku ile imekwenda. Mnunuzi ataichanganya na ya Urambo, ataikata, ataitia katika sigara na kuiandika jina apendalo. Mkulima hana neno, maana mvutaji wa mji wa mbali havuti kwa jina la mkulima. Lakini mwenye filamu hafanyi hivyo. Yeye huikata kazi, huiunga apendavyo, kisha huiuza kwa jina la mtu mwingine. Jina la mwongozaji ndilo lililomvuta mtazamaji mlangoni. Mwenye mali akitaka haki kamili ya tajiri juu ya mali yake, na aondoe jina la mtunzi, aandike lake. Maadamu anauza kwa jina la mtu, amekubali kwamba jina lile lina thamani. Na kama lina thamani, lina haki. Haiwezekani kula jina na kumnyima mwenye jina.

Wala hili si oni langu tu. Mkataba wa Berne, ulipotengenezwa upya mjini Roma mwaka 1928, ulikubali kwamba mtunzi, hata baada ya kuuza haki zake za mapato, hubaki na haki ya kujulikana kuwa ndiye mtunzi, na haki ya kupinga kazi yake isikatwe wala kupotoshwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Nchi yetu iliingia katika mkataba huo mwaka 1994, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yaitambua haki hiyo ya kimaadili. Ufaransa imekwenda mbali zaidi. Mwaka 1991 mahakama yake ya juu iliwapa ushindi warithi wa mwongozaji wa Kimarekani John Huston, ambaye filamu yake The Asphalt Jungle ya mwaka 1950, iliyopigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, ilikuwa imepakwa rangi nyingine na wenye mali ili ionyeshwe katika televisheni. Mwenye mali alikuwa na hati zake zote za Marekani mkononi. Mahakama ilisema kuwa hati za mali hazifuti heshima ya mtunzi. Basi asemaye kuwa aliyelipa ng'ombe ndiye achinjaye ajue kwamba sheria yetu yenyewe imekataa kuita kila kazi ng'ombe.

Tena tutazame matunda ya mkasi usiozuiwa. Mwaka 1924 Erich von Stroheim alimaliza filamu yake iitwayo Greed, yaani uchu, hadithi ya watu watatu walioharibiwa na dhahabu mpaka wakaishia katika jangwa la California. Hakuna kisa kinachofaa kusimuliwa Geita na Kahama kuliko hicho. Nakala yake ya kwanza, waliyoiona watu wachache, ilikuwa ya saa 9 hivi. Kampuni ya Metro-Goldwyn iliikata mpaka ikawa kama saa 2 na dakika 20, na vipande vilivyokatwa viliharibiwa. Yasemwa kuwa viliyeyushwa ili itolewe fedha iliyomo katika ukanda wa picha. Ikiwa kweli au ikiwa uzushi, maana yake ni moja: filamu iliyowasuta wenye uchu iliangamizwa kwa uchu. Wataalamu walipojaribu kuijenga upya mwaka 1999 walilazimika kutumia picha mfu zilizopigwa wakati wa utengenezaji, maana picha zenye kwenda hazikuwako tena. Na hasara ya namna hii haimrudii mwenye mali. Humrudia kila msomaji na mtazamaji atakayezaliwa.

Wachimbaji wadogo wa ukanda wetu wana akili kuliko kampuni ile. Mchanga uliokwisha oshwa mwaloni hawautupi. Huuita marudio, huulundika, huuweka, kwa kuwa wajua kwamba dawa itakayopatikana kesho yaweza kutoa dhahabu ambayo zebaki ya leo imeshindwa kuitoa. Wako waliopata katika marudio zaidi ya walichopata katika mawe. Nchi nzima nayo ilijifunza mwaka 2017, Serikali ilipozuia makontena 277 ya mchanga wa madini bandarini Dar es Salaam, kwamba swali la kilichomo ndani ya kinachoitwa mchanga si swali dogo. Kama tumekwisha jifunza kutotupa mchanga, tutajifunza lini kutotupa picha?

Hoja ya pili ya wapinzani yamhusu mtazamaji. Wasema: haya, mtunzi ana haki, lakini mtazamaji je? Yeye kalipa kiingilio, kaona alichoonyeshwa, basi na aende zake. Asipopenda, asirudi. Yeye si mtunzi wala si mwenye mali. Dai lake lina mzizi gani?

Jibu la swali hili lipo katika ngoma za Usukuma, na Wasukuma ni wengi Ushetu hivi leo pamoja na Wasumbwa na Wanyamwezi. Vyama vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa vizazi vingi. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi hapimwi na mwenye uwanja; hupimwa na umati, ambao huacha upande mmoja na kuhamia upande wa pili. Mtazamaji wa ngoma ile si mteja aliyelipa akanyamaza. Ni sehemu ya ngoma yenyewe, na hukumu yake ndiyo hukumu. Hivyo kudhani kuwa hadhira haina neno juu ya sanaa ni fikira ngeni kwetu, nayo imekuja pamoja na tikiti.

Lakini, na hapa ndipo niachanapo na mashabiki wenyewe, umati wa Bagika na Bagalu huhukumu. Haumtungii manju wimbo. Huweza kuhama, hauwezi kumwamuru abadili beti. Mpenzi wa filamu ana haki ya kudai aione kazi ya mtunzi; hana haki ya kudai mtunzi afanye apendavyo mpenzi. Baadhi ya waliomtetea Snyder walivuka mpaka huo. Waliwatukana watu wa kampuni, waliwatisha waandishi walioisifu filamu ya Whedon, wakafanya mapenzi kuwa kifungo. Tena mwaka 2022 gazeti la Rolling Stone lilieleza kuwa uchunguzi ulioagizwa na kampuni yenyewe ulikadiria kwamba akaunti zisizopungua 13 katika kila 100 zilizoshiriki mazungumzo hayo zilikuwa za bandia. Umati wa bandia si umati. Walakini uovu wa baadhi ya wadai hauondoi haki ya dai. Mdai wa mirathi akiwa mlevi, mirathi haibadiliki kuwa ya jirani.

Wala nisidhaniwe kuwa nasema nakala ya mtunzi ni bora daima. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wako waongozaji waliopewa nafasi ya kurudia kazi zao wakazirefusha mpaka zikachosha. Yawezekana kabisa kwamba mhariri mwenye mkasi mkali aliiokoa filamu. Sidai kwamba nakala ya mtunzi ishinde. Nadai iwepo. Msomaji hawezi kuhukumu kati ya viwili akipewa kimoja, na anayesema kuwa kilichokatwa kilistahili kukatwa, ilhali amekichoma, amejifanya hakimu na shahidi kwa pamoja.

Hoja ya tatu ndiyo inayotugusa hapa nyumbani. Wasema wapinzani: ninyi wa Ushetu mna neno gani juu ya nakala asili? Filamu ifikapo Nyamilangano au kambi ya wachimbaji imekwisha pita katika mikono kumi. Huonyeshwa katika kibanda cha video, na juu yake pana sauti ya mfasiri wa Kiswahili anayewafunika waigizaji, anayewapa majina ya mitaani, anayetia mizaha ambayo mwongozaji hakuiota. Ninyi mnaifurahia. Basi mnamteteaje Snyder mbele ya Whedon, na huku mnamshangilia DJ mbele ya kila mtu?

Nakubali ushahidi, nakataa hukumu. Kazi ya wafasiri wa filamu ni sanaa, nami nasikitika kwamba idara zetu za fasihi zimechelewa kuitambua. Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alipoisimulia kwa Kiswahili filamu ya Kinigeria Karishika, hakuwa akitafsiri maneno tu. Alikuwa akiwaeleza watazamaji wake shetani wa Kinigeria kwa mizani ya imani wazijuazo wao. Kazi ile imeandikiwa na wataalamu wa Ujerumani kabla hatujaiandikia sisi. Mfasiri wa kibandani ni ndugu wa msimulizi wa ngano: haibi hadithi, huipokea na kuipitisha. Na zaidi ya yote, hajifichi. Kila aliyeketi kwenye benchi ajua kuwa sauti aisikiayo ni ya Lufufu, si ya mwigizaji. Hakuna aliyedanganywa jina. Whedon alikata chini ya jina la Snyder; Lufufu husema juu ya picha kwa jina lake mwenyewe. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mfasiri na mwenye mkasi.

Kanuni basi ni hii: kuongeza si kosa, kufuta ndilo kosa. Nakala mia za filamu moja haziidhuru filamu, ikiwa ya kwanza ipo mahali ambapo atakaye aweza kuirudia. Sauti mia za mfasiri ni utajiri. Msiba huanza siku ile ambapo kilichoongezwa kimebaki na cha asili kimetoweka.

Na msiba huo umekwisha tokea katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 2010, katika kitongoji cha Wakaliga mjini Kampala, Nabwana Isaac Godfrey Geoffrey, ajulikanaye kama Nabwana I.G.G., alitengeneza filamu ya mapigano iitwayo Who Killed Captain Alex? kwa gharama ndogo mno, kwa bunduki za kuchonga na kompyuta alizoziunga mwenyewe. Baadaye ilitiwa sauti ya msimulizi, VJ Emmie, anayecheka, anayewatania waigizaji na kumhimiza mtazamaji. Ilipotolewa mbele ya dunia mwaka 2015 iliwapendeza watu wa mabara yote. Na mwaka ule ule Nabwana alipoomba wapenzi wamchangie dola 160 tu kwa ajili ya filamu nyingine, walimletea zaidi ya dola 13,000. Wapenzi wake ni waaminifu kama wale wa Snyder. Lakini hawawezi kamwe kupata wakipatacho wale. Nakala ya Kapteni Alex isiyo na sauti ya msimulizi haiko tena. Nafasi katika kompyuta ilikuwa haba, mtunzi alihitaji mahali pa kuwekea kazi yake mpya, akaifuta ya zamani. Na hitilafu za umeme zikaharibu yaliyobaki. Nakala pekee iliyopo duniani ni ile yenye sauti ya VJ Emmie.

Hapa wapinzani wangu wapaswa kunyamaza kidogo na kufikiri. Huko Marekani mkasi ulishikwa na tajiri. Kampala hapakuwa na tajiri. Mtunzi mwenyewe ndiye aliyefuta, si kwa kuichukia kazi yake, bali kwa sababu hakuwa na pa kuiweka. Umaskini nao una mkasi, na mkasi wake ni mkali kuliko wa Warner, kwa maana Warner hukata na kuweka ghalani, na ghala laweza kufunguliwa na makelele ya wapenzi. Umaskini hukata na kufuta. Mapenzi ya watu yaweza kuvunja kufuli. Hayawezi kufufua kilichofutwa.

Asemaye kuwa haya ni mambo ya sinema, si ya fasihi, na akumbuke jinsi sisi wenyewe tulivyopata tulivyo navyo. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa tunayo kwa kuwa W. E. Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, aliyakusanya katika karne ya 19. William Hichens alipoyatoa katika Diwani ya mwaka 1940, kama alivyoitoa Al-Inkishafi mwaka 1939, alihariri kwa mkono wake. Wahariri wa Al-Inkishafi wamehitilafiana mpaka juu ya mpangilio wa beti zake. Ni nini kinachotuwezesha leo kuukagua mkono wa mhariri? Miswada. Karatasi za Taylor zimehifadhiwa katika chuo kikuu kimoja cha London, na kila mwanafunzi apataye nafasi aweza kulinganisha. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ilisoma na kusahihisha vitabu vilivyokusudiwa shule zetu, ili vilingane na Kiswahili sanifu. Alichoandika mwandishi kabla ya kusahihishwa, mara nyingi hatukioni tena. Hata hivyo hakuna profesa wa fasihi atakayesema kuwa anayeuliza juu ya mswada wa kwanza ni kijana asiye na kazi. Humwita mtaalamu, na humpa shahada. Basi kwa nini mpenzi wa filamu aulizaye swali lile lile aitwe mpuuzi?

Na tuna mfano mwingine wa karibu na Ushetu, ng'ambo ya maji ya Ziwa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 hadithi yake kubwa ya Myombekere na Bugonoka, aliyoiandika kwa Kikerewe. Hakupata mchapaji wa lugha hiyo. Ilimbidi aifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Naye akafariki mwaka 1981 kabla hajakishika kitabu chake mkononi. Lakini mswada wa Kikerewe haukutupwa. Kwa sababu hiyo Gabriel Ruhumbika, naye mtu wa Ukerewe, aliweza kuurudia na kutoa mwaka 2002 tafsiri ya Kiingereza iliyotoka moja kwa moja katika maneno ya kwanza ya mtunzi. Kati ya mwaka 1945 na mwaka 2002 ni miaka 57. Snyder alingoja miaka isiyotimia minne. Nani basi mwenye kisa kikubwa zaidi cha nakala ya mtunzi, Hollywood au Ukerewe? Tofauti ni kwamba nakala ya Kitereza iliwekwa.

Sasa tuyatazame ya filamu zetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walitengeneza filamu 35 za kufundishia Waafrika, sauti zake zikitiwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali. Zilizosalia zahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, nazo ziko Uingereza. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, alikuwa mwigizaji mkuu wa filamu ya Kiswahili Muhogo Mchungu. Ni wanafunzi wangapi wa Kiswahili wa leo waliopata kuiona? Lilipoanzishwa Shirika la Filamu mwaka 1968, tulidhani tumepata nyumba. Shirika limekufa, na nyumba haikujengwa.

Kisha likaja soko la kanda na sahani, na mkasi ukageuka. Mfanyabiashara wa filamu za Kitanzania hakukata ili kufupisha, alirefusha. Hadithi ya saa moja na nusu ilivutwa, ikapasuliwa sehemu ya kwanza na ya pili, ili mnunuzi alipe mara mbili. Waandishi waliwacheka waongozaji kwa maonyesho marefu ya gari likiegeshwa na mtu akipanda ngazi, bila kuuliza ni nani aliyetaka ngazi zile. Wengi wa waongozaji waliuza kazi pamoja na haki zote na nakala mama, kwa malipo ya mara moja. Steven Kanumba, mwana wa Shinyanga aliyezaliwa mwaka 1984, alifariki tarehe 7 Aprili, 2012, nchi nzima ikamlilia. Mcheza kwao hutunzwa. Tulimtunza kwa machozi. Je, kazi zake tumezitunza? Mtafiti atakayeandika juu yake mwaka 2050 atasoma nakala ipi: aliyoikubali yeye, au ile iliyopasuliwa dukani, ikarudiwa kunakiliwa kutoka sahani mpaka simu, hata uso wa mwigizaji ukawa ukungu?

Kwa hiyo siwaombi wasomi wenzangu wampende Snyder. Wala sihitaji waipende Justice League, ambayo si lazima mtu mzima aione. Nawataka mambo matatu. Kwanza, tukidai kwa vitabu kwamba mchapaji aweke nakala katika Maktaba ya Taifa, tudai hivyo hivyo kwa filamu. Na nakala itakayowekwa iwe ile aliyoitia sahihi mwongozaji, pamoja na ile iliyouzwa, zikiwa mbili tofauti. Gharama ya kuhifadhi filamu moja leo ni ndogo kuliko chakula cha mchana cha kikao cha kamati. Pili, tuwafundishe waongozaji wetu, na hasa vijana wa mikoani wasio na wakili, wasiuze kamwe nakala mama, hata wakiuza kila kitu kingine. Tatu, vyuo vyetu vitume wanafunzi Kahama, Ushetu na Geita wakakusanye masimulizi ya wafasiri wa vibandani kabla simu hazijavifunga vibanda vyote, na wayaandike kama walivyoandika wakusanyaji wa zamani tenzi na ngano, wakitaja jina la msimulizi, mahali na tarehe.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo waliitunga wafanyabiashara, na ni aibu kwamba wenye mali wameifuata kuliko wenye sanaa. Vijana wa Marekani walipoifungua daftari kwa makelele, walikuta mali bado ipo. Sisi tukitaka kupiga makelele yetu, yatupasa kwanza tuhakikishe kwamba kuna kitu ghalani. Tusipofanya hivyo, wajukuu wetu hawatakuwa na cha kudai, na wachekao leo watakuwa wamepata walilolitaka: kimya.